Upande wa Pili wa Karatasi

Nappi aliacha kula Jumatatu ya pili ya Novemba, siku theluji ya kwanza ilipokaa chini bila kuyeyuka. Nilimwekea samaki kwenye kisahani chake. Alikinusa, akakwangua sakafu pembeni kama anayefukia kinyesi, akaondoka. Kesho yake akafanya vivyo hivyo. Siku ya tatu nikamtia kikapuni nikampeleka mjini Thunder Bay kwa daktari wa wanyama.

Alikuwa paka wa kijivu wa miaka kumi na sita, na alikuwa wa mume wangu. Mimi nilikuwa mnunuzi wa chakula tu. Mwenyewe alikuwa Eino, na Eino alikuwa amefariki wiki ya kwanza ya Agosti. Nilichobakiwa nacho kilichopumua na kumkumbuka Eino kilikuwa kile kilicholala kikapuni.

Daktari, msichana aitwaye Moreau, alimpapasa tumbo, akamtoa damu, akaenda, akarudi na majibu.

"Figo zimechoka, mama," alisema. "Hizo hazitapona. Ila tukimtuliza kichefuchefu, huenda hamu ya kula ikarudi. Shida ni kwamba paka hawezi kukaa na njaa. Siku chache tu, ini nalo linaharibika. Kwa hiyo itabidi umlishe wewe, tuone kama ataanza mwenyewe."

Akanionyesha. Unamfunga kwa taulo, kichwa tu kikiwa nje. Unachukua bomba la sindano lisilo na sindano, umelijaza chakula laini cha vuguvugu. Unalipitisha pembeni mwa mdomo, nyuma ya lile jino refu, unasukuma kidogo, unangoja ameze. Humwinui kichwa, chakula kisije kikaingia mapafuni. Mara nne kwa siku.

"Tafuta mahali padogo penye joto, ambapo hawezi kujificha," alisema, akanipa karatasi ya maelezo.

Nilipofika nyumbani niliibandika kwenye friji kwa sumaku. Mahali padogo penye joto sikuhitaji kupatafuta.

Sauna yetu, kibanda cha kuogea mvuke, iko nyuma ya nyumba, hatua ishirini kutoka mlango wa jikoni. Ndani kuna chumba cha mvuke chenye jiko la kuni lililopangwa mawe juu yake, na mbele yake chumba kidogo cha kuvulia nguo, chenye benchi na ukuta mmoja unaopata joto la jiko. Eino aliijenga mwaka tuliooana, kabla hata ya kumaliza paa la nyumba. Kila Jumamosi alasiri alipobeba kuni, Nappi alimtangulia njiani mkia juu. Alikaa juu ya taulo la Eino kwenye lile benchi, macho nusu yamefumba, mpaka Eino atoke mwekundu kama kamba wa kuchemsha na kumpa ngozi ya samaki wa chumvi.

Basi nikamlishia pale, juu ya benchi lile, ndani ya taulo lile. Niliwasha moto mdogo, nikafunga mlango. Mara ya kwanza alishangaa tu. Alimeza, akalamba pua, akanitazama. Bomba lilikwisha lote na nikajiona fundi.

Siku ya tatu alikuwa amejifunza. Akisikia maji ya bomba la jikoni yakisuuza kile kidude cha plastiki, alikuwa amekwisha ingia nyuma ya mashine ya kufulia. Nilimtoa kwa kumshika ngozi ya shingo. Aling'ata bomba, akatema, akakohoa, chakula kikanirukia mikono hadi kwenye viwiko. Nami nikawa nasema, "Kidogo tu. Bado kimoja. Kimoja tu, Nappi." Maneno yale yalinitoka mdomoni kwa urahisi mno, kwa sababu hayakuwa mageni kwangu.

Jumamosi akaja Lempi. Ni dada yake Eino, ana miaka themanini na mmoja na bado anaendesha gari lake mwenyewe, ingawa barabara nzima humpisha. Tangu Eino afe hajakosa Jumamosi hata moja ya sauna. Alivua viatu mlangoni, akanusa.

"Wifi, unanuka maini."

"Ni chakula cha paka."

"Ah, afadhali. Nilidhani ni manukato mapya."

Nilichukua kapu la kuni, nikavuka uani, nikafungua mlango wa sauna. Nappi alikuwa dirishani jikoni. Lempi ndiye aliyemwona, akaniambia baadaye jinsi ilivyokuwa. Mlango ule ulipofunguka, paka alishuka dirishani, akatembea tumbo likigusa sakafu, akateremka ngazi za chumba cha chini.

"Huyu anakwenda wapi?" aliniuliza niliporudi. "Leo Jumamosi. Amesahau?"

"Hajasahau," nilisema. Nikamweleza ninavyomlisha, na wapi.

Lempi alivaa miwani, akaenda kwenye friji, akaichomoa karatasi chini ya sumaku. Akasoma upande wa mbele taratibu. Kisha akaigeuza. Mimi sikujua kama ilikuwa na upande wa pili.

"Usimlishe kwa nguvu mahali anapolala au anapopenda kukaa," alisoma. "Atapachukia."

Alinitazama juu ya miwani. "Uliisoma hii?"

"Sikuigeuza."

"Wewe hukigeuzi kitu chochote. Ndiyo maana ulikubali kuolewa na kaka yangu."

Siku nyingine ningecheka. Nilivuta kiti nikakaa. Lempi aliirudisha karatasi kwenye friji, safari hii upande wa pili ukiwa mbele, akanishika bega. "Twende. Mawe yamepata moto."

Ndani ya mvuke watu hawatazamani usoni, na labda ndiyo maana nilimwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Mwisho wa Julai Eino aliniomba nimpeleke sauna. Aliomba mara moja tu, kwa sababu hakuwa mtu wa kuomba. Nami nikamwambia, kula vijiko vitano kwanza, halafu nitawasha. Muuguzi alikuwa ameonya kwamba joto na tumbo tupu vingemwangusha. Kila siku nilimkalisha, nikamshika kidevu, nikasema kidogo tu, bado kimoja. Alifunga meno. Siku aliyojitahidi kuliko zote alifika vitatu. Mimi nikahesabu, nikasema, bado viwili, mume wangu, halafu sauna. Alikufa Alhamisi.

"Ningembeba, Lempi," nilisema. "Alikuwa mwepesi kama kuni kavu. Ningembeba hata bila moto, akakae tu kwenye benchi."

Lempi alichota maji akamwaga juu ya mawe. Mvuke ulipanda, ukatukalia masikioni.

"Alikuwa mkaidi," alisema mwishowe. "Angekula sita akakwambia ni vinne." Kisha akasema, sauti yake ikiwa imebadilika, "Hata mimi ningemwambia vitano, wifi."

Tangu Jumapili nilihamia chumba cha kufulia, na taulo jingine. Haikusaidia. Alimeza bila kugombana, na hilo lilinitisha kuliko kung'ata, kisha nusu saa baadaye akatapika yote. Jumatatu asubuhi nilimpigia simu daktari.

"Tunaweza kumwekea mrija shingoni," alisema. "Utamlisha bila kumgusa mdomo. Kwa figo hizi utapata wiki kadhaa, pengine mwezi. Ukiuweka si kosa, usipouweka si kosa."

"Na nikiacha kumlisha leo?"

"Basi usikawie kuniita nije nimchome sindano ya kumpumzisha, mama. Siku mbili, zisizidi. Asiteseke."

"Njoo Jumatano," nilisema. "Uje hapa hapa."

Jumanne nilitupa mabomba yote kwenye pipa la nje, nikafunika. Nililifua taulo la Eino mara mbili kwa maji ya moto, kwa sababu lilinuka maini. Harufu ya maini ilitoka. Ya Eino nayo ikatoka, na nilijua itatoka kabla sijalitia kwenye maji.

Saa nane mchana nikawasha sauna. Hakuna mtu anayewasha sauna Jumanne mchana. Jirani yangu alisimama kwenye ua wake akiutazama moshi, akapunga mkono kwa wasiwasi. Nilifagia theluji njia nzima. Nikatandika taulo kwenye benchi. Nikaacha wazi mlango wa jikoni na mlango wa sauna pia, joto lote likipotelea nje, jambo ambalo Eino asingelivumilia hata dakika moja. Kisha nikakaa kwenye benchi na koti langu, mikono mitupu juu ya mapaja, mahali anapoweza kuiona.

Nilikaa muda mrefu. Nilimsikia kabla ya kumwona, zile kucha zake kwenye sakafu ya jikoni. Akatokea mlangoni. Aliishika njia, akiinua mguu mmoja mmoja kwenye baridi, mkia chini. Katikati alisimama akapumzika. Nilitaka kumfuata nimbebe. Sikwenda.

Alifika kizingitini. Joto lilimpiga usoni, akafumba macho. Kisha akanusa, akalitazama benchi, akanitazama mimi, akatazama mikono yangu. Alikaa pale pale nje, kwenye kipandio cha mbao. Hakuingia.

Nilimpa muda aingie. Hakuingia.

Basi nikachukua taulo, nikatoka mimi. Nilikaa kando yake kwenye kipandio, mgongo wangu kwenye joto na miguu kwenye theluji, nikalikunjua taulo kati yetu. Mfukoni nilikuwa na kipande cha ngozi ya samaki wa chumvi. Nilikiweka chini karibu naye. Alikinusa, akalamba mara moja, chumvi tu, akakiacha. Sikukisogeza.

Baada ya kitambo aliweka miguu ya mbele miwili juu ya taulo. Ya nyuma aliiacha kwenye ubao.

Nyuma yetu jiko lilianza kupoa. Lilihitaji kuni nyingine, na kapu lilikuwa karibu. Sikuinuka.