Kabati la Wodi ya Wazazi

Mkuu wa wodi ya wazazi alikuwa na jina lake zuri tu la kuzaliwa, lakini wauguzi walimwita Sista Kufuli, na wala hawakumwonea. Tangu apewe ukubwa, miezi mitatu nyuma, alikuwa amefungia kila kitu: glovu, pamba, mabomba ya sindano, mpaka daftari la zamu. Trei ya dharura, ile ambayo kila wodi huiacha wazi ili mtu aikimbilie, yeye aliitia kabatini akapiga kufuli, eti dawa zinapotea. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, na ulikaa mfukoni mwake.

Muuguzi mmoja mgeni, msichana waliyempachika jina la Mpole kwa sababu hata mlango aliufunga kama anaomba radhi, alithubutu siku moja kumwuliza kama kusingewezekana kuwa na ufunguo wa pili. Weee! Alisemwa mbele ya wagonjwa mpaka akatamani ardhi ipasuke aingie.

"Kumbe unautaka ukubwa, siyo? Kiti hicho hapo, kalia!"

Basi Mpole akanyamaza, na wodi nzima ikanyamaza naye. Sista Kufuli akaona mambo yamenyooka. Kazi alikuwa anaijua, hilo tusimnyime. Mshipa uliowashinda madaktari wawili, yeye aliupata mara ya kwanza. Ila alidhani kuongoza ni kufanya kazi ya watu wanane peke yako, kisha kuwanunia saba waliobaki.

Jumatano asubuhi akaitwa kwenye semina. Na semina yenyewe, sasa cheka, ilikuwa ya uongozi kwa wauguzi. Ukumbi ulikuwa jengo la pili, mwendo wa dakika tatu kutoka wodini. Simu zote zilikusanywa kwenye kikapu ili watu wasikilize. Mkufunzi alikuwa anafundisha jinsi ya kuwaachia wenzako madaraka, akauliza nani anaweza kueleza wodi yake inavyokwenda. Nani tena? Sista Kufuli akasimama, ufunguo uko mfukoni, akaanza kusimulia jinsi wauguzi wake walivyoshika adabu.

Yuko katikati ya maneno, mama wa usafi wa wodini kwake akatokea kwenye kioo cha mlango. Anapunga mkono, ananyooshea kidole kule wodini, anatweta. Sista Kufuli alimwona. Tusizungukezunguke hapa, alimwona vizuri kabisa. Akamwonyesha kiganja, kwamba angoje, akamgeukia mkufunzi akamalizia hotuba yake. Watu wakampigia makofi.

Wakati huo wodini, mama aliyejifungua jana yake alikuwa anatupwatupwa na kifafa cha mimba. Meno yamekaza, macho yamegeuka. Dawa iko kabatini, na ufunguo uko huko kwenye makofi. Mama wa usafi aliporudi peke yake, Mpole hakungoja tena. Alichomoa mtungi wa kuzimia moto ukutani, akalipiga kabati mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mlango ukasalimu amri. Wenzake wakamshika mgonjwa, yeye akachoma sindano. Baada ya dakika chache, kifafa kikatulia. Mama wa watu akapona.

Sista Kufuli alirudi saa sita mchana, na neno lake la kwanza halikuwa la mgonjwa.

"Nani kavunja kabati langu?"

Walipomweleza, akatafuta pa kukaa.

Sasa hospitali ile ilikuwa na sheria isiyo na simile: anayevunja kabati la dawa husimamishwa kazi mpaka achunguzwe. Mpole alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Kwa mtu wa majaribio, kusimamishwa ndiyo kumwaga unga, hakuna kurudi. Metroni, mkubwa wa wauguzi wote pale, alitaka maelezo ya maandishi ya wote wawili kabla ya saa kumi.

Sista Kufuli alijifungia ofisini na karatasi. Waliojua kwamba aliitwa akaona ni yeye na mama wa usafi tu, na neno la mama wa usafi nani angelisikiliza? Akaandika: Sikupata taarifa yoyote nikiwa seminani. Akayasoma maelezo yake, akayaona yamekaa vizuri, akatia sahihi.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mpole na karatasi yake, maana maelezo ya muuguzi lazima mkuu wa wodi ayatie sahihi kwanza. Sista Kufuli akasoma. Yalikuwa mafupi: Ufunguo niliachiwa mimi, nikaupoteza, ndipo nikavunja kabati.

"Umeandika nini hiki? Mimi sikukuachia ufunguo."

"Najua, Sista."

"Sasa?"

"Wewe ukiulizwa utanitupia mimi. Nimeona nijitupe mwenyewe, yaishe. Angalau usinifokee tena mbele ya wagonjwa."

Alisema bila hasira, kama anayetaja joto la mgonjwa. Hilo ndilo lililomkata maini Sista Kufuli. Angetukanwa angejibu. Lakini karatasi yake mwenyewe ilikuwa pale mezani, wino haujakauka, na msichana yule alikuwa amemjua sawasawa. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe.

Akazibeba karatasi zote mbili, akamwambia Mpole amfuate, wakaenda kwa metroni.

"Hii ya Mpole ni uongo," alisema kabla hajakaribishwa kiti. "Na hii yangu ni uongo pia. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Mama wa usafi alikuja kuniita, nikamwona, nikamwambia kwa mkono angoje. Nilikuwa nasifiwa."

Metroni alivua miwani.

"Angechelewa huyu, mgonjwa angekufa?"

"Angekufa."

"Na wewe ungesema hukuitwa."

"Nilikuwa nimeshaandika, Metroni."

Metroni hakupandisha sauti. Alisema Mpole arudi kazini na jambo hili lisiguse majaribio yake. Ukubwa wa Sista Kufuli ulikoma siku ile ile. Angebaki wodi ile ile, zamu kama wenzake, mpaka hapo itakapoonekana vinginevyo.

Walipofika wodini Sista Kufuli aliwaita wenzake wote, na mama wa usafi naye, akasimama katikati ya vitanda, mahali wagonjwa walipoweza kumsikia.

"Kabati nililivunja mimi, siku nilipolifunga. Mpole alimaliza tu. Mpole, nisamehe. Na wewe mama, nilikuona pale mlangoni. Nisamehe."

Hakuna aliyempigia makofi. Mama wa usafi aliguna, akaendelea kukamua tambara lake. Wauguzi walitazamana, kila mmoja akajitia kushughulika na faili. Sista Kufuli alibaki amesimama, mikono haina pa kwenda.

Ndipo Mpole akasema kutoka upande wa dirishani, "Mtoto wa kitanda cha saba hashiki titi tangu asubuhi. Nimejaribu kila namna, nimeshindwa. Njoo unionyeshe."

Miezi mitatu mizima, hakuna mtu wodini mle aliyewahi kumwambia kwamba ameshindwa jambo. Alivuta pumzi, akajifuta uso kwa mkono wa gauni, akaenda.