Puli ya Milimita Sitini na Tano

Watu wakizeeka, wengine hupoteza meno, wengine macho, na hakuna anayewacheka. Fundi huyu alianza kupoteza masikio, na badala ya kukubali kiungwana, akaamua kwamba dunia nzima imeanza kunong'ona. "Sema kwa sauti, una deni?" Ndivyo alivyokuwa akiwajibu watu wanaoongea vizuri tu.

Gereji nzima ilimwita Daktari. Si kwa cheti, kwa bisibisi. Alikuwa na bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini inayonguruma, mpini anaubandika sikioni, anafumba macho, na kila aliye ndani ananyamaza. Kisha anafumbua: "Vali ya pili." Wanafungua, kweli vali ya pili. Miaka thelathini hivyo. Watu walizipita gereji zenye vioo na kompyuta, wakaja kwenye uwanja wenye madoa ya oili, ili Daktari asikilize tu.

Sasa binti yake. Huyu wateja walimwita Injinia, kwa utani wenye mwiba ndani, maana alisoma chuo miaka miwili kisha akarudi kuvaa ovaroli. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Mashine ya kukereza chuma, iliyokuwa chumba cha nyuma, ilimtii yeye kuliko mtu yeyote, hata baba yake alilikubali hilo, ingawa si mbele za watu. Kwa mteja, yeye alikuwa wa kushika tochi. Kazi ikitoka nzuri, Daktari huyo! Ikitoka mbaya, bado haijawahi kutoka mbaya, subiri tufike.

Jambo ambalo mteja hakulijua ni hili. Kwa mwaka mzima, Daktari akishasikiliza injini na kutoa hukumu, akaenda kunywa chai, binti alirudi kwenye lile gari kimyakimya na kurekebisha. Robo mzunguko hapa, nati moja kule. Hakumwambia mtu. Mama yake alikuwa amemwonya jikoni, birika likipiga mluzi na mzee amekaa pembeni yake haligusi: "Unaona? Lakini usimwambie. Baba yako hana shamba, hana nyumba ya kupangisha, ana sikio. Ukimnyang'anya hilo atabaki na nini?" Basi binti akanyamaza, akawa anafagia nyuma ya baba yake kila siku, na jina la Daktari likaendelea kung'aa.

Siku moja akaja baba mdogo. Huyu ni mdogo wake Daktari, ana duka la rangi, na uzee ulikuwa umempanda vibaya kichwani: kanunua gari la michezo, la milango miwili, jekundu kama pilipili, lenye supachaja. Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye injini yenyewe, inaisukumia injini hewa nyingi kuliko ingeweza kuvuta peke yake. Gari lilikuwa linakimbia vizuri tu. Lakini mtu na tamaa yake.

"Kaka, nataka liruke," akasema. "Wenzangu wananipita kwenye mlima."

"Litaruka," akasema Daktari. "Tutaipunguza puli ya supachaja, hilo gurudumu la mkanda, izunguke haraka zaidi. Throto nayo tutaweka kubwa, maana hilo ndilo koo lake. Koo jembamba halipitishi hewa yote hiyo."

"Na mafuta, baba," akadakia binti. "Hewa ikizidi, mafuta nayo lazima yazidi. Yasipotosha itaanza kugonga, na ikigonga itajichoma."

"Umesikia? Ananifundisha kazi!" Wakacheka wote wawili. Binti naye akacheka, maana angefanya nini.

Hata hivyo jioni ile Daktari alimwita chumba cha mashine, akafunga mlango, akamwambia jambo ambalo binti alikuwa amelingoja miaka sita. "Mama, puli hii utaikereza wewe, mwanzo mpaka mwisho. Ikikaa vizuri, chumba hiki ni chako. Wateja wa kukereza waje kwako moja kwa moja, na jina lako niliandike kwenye kibao pale nje." Binti hakulala vizuri kwa furaha. Aliikereza puli ile kutoka kipande kizima cha chuma, akakata, akapima, akakata tena unywele kwa unywele, mpaka kipimo kikasoma milimita sitini na tano kamili, kama baba alivyoagiza, ya zamani ikiwa sabini na mbili. Mifereji ya mkanda aliipitishia kidole akiwa amefumba macho, haina hata mkwaruzo. Throto mpya iliyonunuliwa haikulingana na mdomo wa bomba la hewa, akaupanua mdomo kwa mkono, siku mbili nzima, vumbi la alumini likimjaa puani. Nakwambia kazi ile ungeweza kuiweka sebuleni.

Ikabaki mafuta. Walifunga nozeli kubwa zaidi za kunyunyizia mafuta, na kifaa cha kupandisha presha ya mafuta chenye skrubu juu yake. Ukiizungusha ndani, mafuta yanaongezeka. Uizungushe kiasi gani? Hapo ndipo mwenye kompyuta huchomeka kompyuta.

"Nichomeke, baba? Tuangalie tu," akasema binti, mbele ya baba mdogo na wateja wawili.

"Kompyuta imeanza kusikia lini?" akauliza Daktari, na wateja wakaangua kicheko. "Sikio halipiti kichwa, mama. Ingia nyuma ya gari, tukalijaribu mlimani. Na ninaposikiliza, mtu asifungue mdomo."

Akaingia nyuma, kwenye kile kiti cha kupakia mizigo midogo, magoti yamegusa kidevu. Baba mdogo akashika usukani, Daktari kakaa kando, kioo amekishusha. Kwenye mteremko gari lilikuwa tamu. Walipoanza kupanda, baba mdogo akakanyaga mafuta mpaka chini, supachaja ikalia, watu watatu wakabandikwa kwenye viti. Ala! Lilikuwa limegeuka mnyama. Na chini ya ule mlio mkubwa, binti akaisikia: sauti nyembamba, kavu, kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo.

"Baba..."

Daktari akainua kidole. Hakugeuka hata kidogo. Kidole tu, vile unavyomnyamazisha mtoto anayesumbua wageni.

Hapa niseme ukweli, maana binti mwenyewe aliusema baadaye, kwa mama yake. Angeweza kupiga kelele. Angeweza kumgusa baba mdogo begani. Lakini kile kidole kilimchoma, na kile kicheko cha wateja kilikuwa bado kinamwasha, na moyoni akasema: haya, jisikilizie mwenyewe. Tena alijua la kufanya. Wakirudi, baba akienda kunywa chai, ataizungusha ile skrubu mizunguko miwili, na mambo yaishe kama yalivyokuwa yakiisha siku zote.

"Haligongi," akasema Daktari. "Safi kabisa."

Baba mdogo akawashusha getini, akawapungia mkono, na badala ya kuingia ndani akageuza gari barabarani na kutokomea kwenda kuwaonyesha wenzake. Binti alikimbia mpaka kona, ovaroli inapepea, anapunga mikono. Akampigia simu. Haikupokelewa. Akapiga tena, na tena, mara saba.

Gari lilirudi kesho yake asubuhi, juu ya lori.

Walifungua injini mchana. Pistoni ya tatu ilikuwa na tundu katikati, unapitisha kidole gumba, kingo zimeyeyuka kama mshumaa. Kila fundi anajua tundu la namna hiyo linasema nini. Linasema mafuta yalikuwa machache na injini iligonga mpaka ikachoka. Daktari aliishika ile pistoni mkononi muda mrefu. Wateja walikuwepo, majirani wa gereji walikuwepo, kwa msiba wa mwenzako watu hawakosi nafasi.

"Kaka," akasema baba mdogo, na sauti yake haikuwa ya utani tena, "ulisema haligongi. Nimewaambia watu, Daktari kasema haligongi. Wananicheka. Wanasema mzee hasikii siku hizi."

 Daktari akainua macho, akamtazama binti yake.

"Wewe ulikuwa nyuma," akasema polepole. "Masikio yako ni ya kijana. Ulisikia inagonga?"

Binti alipiga hesabu. Akiitikia, baba yake amekwisha, pale pale, mbele ya watu. Na swali la pili litakuwa lake mwenyewe: mbona hukusema? Na jibu lake ni kile kinyongo cha mlimani. 

"Sikusikia, baba."

Alitegemea nini? Labda mkono begani. Labda baba yake aseme injini zina siri zake, Mungu ndiye ajuaye, watu watawanyike. Daktari alishusha pumzi, mabega yakamrudia, sauti ikamrudia.

"Mmemsikia? Mimi sikusikia, na yeye hakusikia. Basi haikugonga. Ubaya uko kwenye puli. Imekatwa ndogo kupita kiasi, supachaja ikazidiwa."

"Puli alikata nani?" akauliza baba mdogo.

"Yeye."

Yeye. Hata "mwanangu" hakusema. Binti alikimbilia kipimo chake, akaiweka puli mezani. "Sitini na tano! Njooni muone. Sitini na tano kamili, ndivyo ulivyoniambia, baba!"

"Unajipima kwa kipimo chako mwenyewe?" akasema baba mdogo. Mmoja wa wateja akatikisa kichwa kwa huruma na kusema kukereza si kazi ya kujaribia. Daktari alikuwa ameshawapa mgongo, ananawa mikono kwa sabuni ya unga, taratibu, kidole kimoja baada ya kingine.

Chumba cha mashine kilifungwa kufuli. Binti alipewa meza karibu na mlango, daftari la wateja na simu ya mezani, apokee watu. "Kwa muda tu, mama, mpaka watu wasahau," alisema Daktari akiwa anatazama pembeni. Nyumbani mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, yote, hata la kidole na kinyongo, kisha akasema, "Umemstiri baba yako, mwanangu." Binti akamwambia, "Na mimi nani kanistiri?" Mama akaanza kukusanya vyombo.

Wiki tatu zikapita. Akaja mteja mgeni, mwanamke mwenye gari la mizigo, amesifiwa Daktari na shemeji yake. Analalamika kuna mlio asubuhi. Daktari akachukua bisibisi, akafunua boneti, akainama. Watu wakanyamaza. Binti, kutoka pale mezani, hakuhitaji bisibisi. Vali zilikuwa zinagonga, tik-tik-tik, hata paka angesikia.

Daktari alifumba macho. Akayafumbua. Na kwa chini, chini ya ule mkono uliokuwa umeshika mpini, akamtupia binti yake jicho. Akangoja. Nyusi amezipandisha kidogo tu: inagonga?

Binti akalielewa. Jicho lile halikuwa la leo. Lilikuwa na mazoea. Alikumbuka injini zote za mwaka ule, na chai zote zile ambazo baba aliharakia kwenda kuzinywa, akakaa muda mrefu, akimwacha peke yake na gari. Kumbe alijua. Alijua nani anafagia nyuma yake. Na siku ile ya pistoni, alipouliza mbele ya watu ulisikia, alikuwa anajua jibu, na alikuwa anajua binti yake atasema nini.

Akasimama.

"Inagonga, baba," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Vali. Na ile ya baba mdogo nayo iligonga. Niliisikia."

 Mwanamke mwenye gari akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, haelewi.

"Pokea simu," akasema Daktari. "Inalia."

Wote wakaigeukia simu. Ilikuwa imekaa kimya juu ya daftari. Mzee akaitazama, akautazama uso wa mgeni, na ndipo alipojua kwamba hailii, mlio ulikuwa masikioni mwake.

Mwanamke akaingiza mkono dirishani, akazima injini. "Mzee wangu, asante," akasema kwa adabu, kwa sauti kubwa na ya polepole, ile ya kuongea na wagonjwa. "Nitapita siku nyingine." Akafunga boneti mwenyewe.

Gari likatoka. Binti alitamani afurahi. Alikuwa ameingoja furaha hiyo wiki tatu nzima, usiku na mchana, na sasa alipomwona baba yake amesimama katikati ya uwanja na bisibisi mkononi, hajui aiweke wapi, hakuipata. Akaenda mpaka alipo, akanyoosha kiganja.

"Ufunguo wa chumba cha mashine, baba."

Mzee alimtazama midomo. Ikabidi binti aseme mara ya pili.