Nyasi za Mzunguko

Kazini walimwita Bwana Shamba, na jina lenyewe lilikuwa la utani, kwa sababu shamba lake lilikuwa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, na yeye alikuwa hapa mjini, katikati ya mzunguko wa barabara, akimwagilia nyasi. Nyasi tu, jamani. Hazivunwi, hazipikwi, na hata mbuzi haruhusiwi kuzisogelea.

Alikuja mjini baada ya misimu miwili ya kungoja mbolea ya ruzuku. Wakubwa walitangaza redioni kwamba iko njiani, na wakulima wakakaa mkao wa kula. Mvua ikaja, ikaenda zake, mbolea bado iko njiani. Sijui ni njia gani hiyo isiyofika popote. Ya dukani ilikuwa haishikiki. Basi akamwachia mkewe, Mama Pacha, jembe na ghala tupu, akaahidi kurudi na mbolea kabla ya mvua nyingine.

Kilichomchoma ni kwamba mzunguko ulipata mbolea. Gari la manispaa lilishusha magunia, naye akazinyunyizia nyasi kwa mkono. Harufu yake ilimganda viganjani, akalala nayo, na gizani akalinusa shamba lake. Alimwona mkewe akitangulia kwenye matuta, akidondosha mbegu, yeye akifuata na kufukia kwa mguu. Walipanda hivyo tangu waoane, wakipiga soga bila kutazamana. Alimkumbuka mno, hasa sauti yake ikitokea mbele, ikimsimanga kwamba anafukia kama mtu aliyelala.

Kisha mche wa boga ukajiotea kwenye nyasi. Labda mpita njia alitema mbegu. Alipaswa kuung'oa, lakini moyo ulikataa, akauelekeza nyuma ya maua usionekane.

Wiki hiyo bei ya unga ilipanda tena. Kina mama wa sokoni walipita mzungukoni na masufuria matupu, wakiyagonga kwa miiko.

"Wewe kaka!" mmoja alimpigia kelele. "Hizo nyasi unazozinywesha, tutazila?"

Aliinamisha kichwa. Angekuwa na sufuria, angeungana nao.

Siku iliyofuata msimamizi wake, kijana wa suruali iliyopigwa pasi ikanyooka, alikuja mbio.

"Bwana Shamba, kesho mgeni rasmi anazindua chemchemi mpya ya maji hapa mzungukoni. Alfajiri ng'oa kila kisichotakiwa. Na hilo boga lako nimeliona, usinifanye mtoto."

"Sawa, bosi."

Alfajiri, kabla hajapiga magoti, simu ikalia.

"Baba Pacha, mvua imenyesha," alisema mkewe.

"Wee! Ya kupandia?"

"Ya kupandia. Udongo unanukia mpaka ndani."

"Umeshaanza?"

"Kuna jambo nitakwambia. Fanya kazi kwanza, baba."

Akapiga magoti. Mwili ulikuwa mzungukoni, roho iko nyumbani kwenye udongo mbichi. Mikono, ikiachwa bila bwana, ilifanya kazi iliyoijua tangu utotoni: zao acha, nyasi ng'oa. Aling'oa na mizizi, akakung'uta udongo, akarundika pembeni, huku akimwambia mkewe moyoni asiache nafasi kubwa mno. Alipoinua kichwa jua lilikuwa limetoka. Ardhi ilikuwa tupu, safi, bila unyasi hata mmoja, na katikati yake boga limetambaa kwa raha zake, maua ya njano yamefunguka. Lilikuwa palizi zuri kuliko yote aliyowahi kupalilia, na kwa muda mfupi alifurahi kweli kweli.

Kisha msimamizi akafika.

"Nilisema boga! Boga!" Alishika kichwa. "Unajua nyasi hizi zinavyogombaniwa? Zinalimwa huko mashambani, zinaletwa kwa lori!"

"Nyasi zinalimwa?"

"Zinalimwa, ndiyo! Hebu ondoka mbele yangu. Usirudi tena."

Ajabu ni kwamba hakuumia. Alivuka barabara mwepesi, magoti yana matope, akampigia mkewe hapo hapo.

"Mama Pacha, narudi! Mbolea sijapata, lakini mikono ninayo. Tutapanda hivyo hivyo. Wewe mbele, mimi nyuma. Unisimange utakavyo."

Mkewe hakucheka. Bwana Shamba alisikia simuni mvua ikipiga bati la nyumba yake.

"Shamba nimelikodisha," alisema mkewe. "Nilikungoja, nikaingoja na hiyo mbolea yao, na watoto wanalala njaa. Wakaja watu na magunia yao ya mbolea, tele. Wameshapanda."

"Wamepanda nini?"

"Nyasi. Wanasema ni za kupeleka mjini." Akavuta pumzi, na alipoendelea sauti yake ilijaa matumaini. "Lakini njoo tu, mume wangu. Wanatafuta mtu anayejua kuzitunza. Nimekutaja wewe."