Baba Si Chanzo

Usiku wa kuamkia siku ya kutetea tasnifu yake, Sekela Mwaijande aliota, na kwa kuwa alikuwa ameshasoma falsafa miaka sita, hata ndoto yake ilianza kwa kusomewa kanuni.

Kwanza mjue alichokuwa akisomea. Chuo chao kina kozi ya Falsafa ya Dawa za Njozi, yaani ile mizizi na uyoga ambao mtu akinywa maji yake anaona mambo. Humo watu wazima na akili zao wanabishana kama aliyeona njozi amejua jambo au amechezewa na kichwa chake. Anayewafundisha ni Dokta Mutalemwa, bingwa wa njozi kwa miaka kumi na moja, na hajawahi kuota hata mchana kweupe. Huyu bwana hata dawa ya kichwa anaikata nusu, halafu ile nusu anakaa anaitazama.

Sekela hakuingia huko kwa mbwembwe. Baba yake, Mzee Ambilikile, alipokuwa anaumwa maumivu yake ya mwisho, mganga wa kwao alimchemshia mzizi. Mchana ule mzee akamwona mdogo wake marehemu, ambaye alikufa hawasemeshani, wakakaa wakapatana. Tangu siku hiyo mzee hakuogopa tena kufa. Alimwambia Sekela peke yake.

Sekela aliiandika habari hiyo, ukurasa mmoja katika kurasa mia mbili. Dokta akaukata kwa kalamu nyekundu na pembeni akaandika: "Baba si chanzo." Sekela alikuwa anataka kuhitimu, basi akaufuta. Alijichukia wiki nzima, lakini aliufuta.

Sasa ndoto yenyewe.

Wako kwenye chumba cha utetezi, asubuhi, jua limejaa. Dokta amekaa katikati. Kulia kwake yupo mtahini wa nje, ambaye ni mzizi. Simaanishi mtu mwembamba. Ni mzizi, mnene kama muhogo, amefunga tai na bado ana udongo mbichi. Hakuna aliyeshangaa, maana watahini wa nje huwa wanatoka mbali.

Dokta anasoma kanuni: kila dai liwe na chanzo, na chanzo kiwepo ukumbini. Anamwuliza Sekela jina lake. Sekela anajitaja. Dokta anauliza ni nani mwingine amesema hivyo. Sekela anafungua mkoba na kutoa cheti cha kuzaliwa. Cheti kinajisafisha koo, kinasema ni kweli huyu ni Sekela, ila chenyewe hakikuona kitu, kiliambiwa na karani.

"Inatosha," anasema Dokta, na anaonekana ameridhika sana.

Wanaingia kwenye tasnifu. Sentensi ya kwanza inasema njozi zinaweza kumwondolea mtu hofu ya kifo. Dokta anataka chanzo. Mlango unafunguka, anaingia profesa mmoja mwenye suti, yule aliyenukuliwa kwenye sentensi hiyo. Mzizi anamwuliza kwa adabu kama aliwahi kuona njozi yoyote. Profesa anasema hapana, yeye alisoma kwa huyu aliyeko nyuma yake. Wa nyuma naye alisoma kwa wa nyuma yake. Kumbe ni foleni. Imeshuka ngazi, imetoka nje, na kila mmoja ameshika kitabu cha mwenzake kifuani na anakohoakohoa kisomi.

Jopo zima linainuka kuifuata. Wanapita wasomi mia, mia mbili, wote wameona kwa macho ya mwingine. Ngazi zinaishia kantini, na kantini inageuka wodi ya hospitali bila mtu kuvuka mlango. Foleni inaishia kwenye kitanda cha dirishani. Juu yake amekaa Mzee Ambilikile, anamenya ndizi.

Sekela anamsogelea. Hajamwona baba yake miaka minne, tangu amzike.

Dokta anataka kumpa mzee shikamoo, anasita, kwa sababu umri wa mzee hauna chanzo.

"Huyu ndiye aliyeona," anasema mzizi. "Wengine wote wamejipanga nyuma yake."

"Na yeye chanzo chake nani?"

"Mimi. Nilikuwepo."

"Wewe ni mada," anasema Dokta. "Mada haisemi kwenye kikao."

Mzizi anaandika hilo kwenye daftari lake bila kinyongo. Mzee anaweka ndizi chini na kumgeukia binti yake.

"Mwanangu, nilikuwa nasumbua pale ulipokuwa umeniweka?"

"Hapana, baba. Nilitaka wanipitishe."

"Haya," anasema mzee, na anarudi kwenye ndizi zake. Hakukasirika hata kidogo. Sekela angepata nafuu kama mzee angekasirika.

Dokta anatoa fomu. Inasema mtu aliyeko kitandani hafahamiki, na mtahiniwa akiisaini hapohapo amehitimu. Joho limeshatundikwa kwenye stendi ya dripu. Sekela anashika kalamu. Kalamu inamwambia kwamba ndiyo ile nyekundu, na kwamba inaomba isihusishwe safari hii. Anaiweka chini.

"Sisaini," anasema. "Dokta, kaa hapo kitandani umwulize mwenyewe."

Na Dokta Mutalemwa, magoti pamoja, mkoba juu ya magoti, anakaa kwenye ncha ya kitanda. Sekela akaamka.

Kulikuwa kumekucha. Simu ilikuwa na ujumbe wa Dokta, mtu ambaye hamwandikii mwanafunzi mpaka barua ipite idarani. Ulisema: "Sekela, samahani kwa usumbufu. Nimeota nimekaa kitandani kwa mzee fulani. Kila akitaka kukohoa alinigeuzia mgongo kwanza, akasema, 'Niwie radhi, mgeni.' Je, unamfahamu?"

Sekela aliusoma akiwa amesimama, kisha akakaa sakafuni. Kikohozi kile hakukiandika popote. Mzee alifanya hivyo miezi yake yote ya mwisho, kwa wauguzi, kwa mashemeji, hata kwa paka wa jirani, na kila mmoja alikuwa mgeni wake. Sekela alilia mpaka kifua kikamwuma, halafu hasira zikamshika. Mtu anaambiwa baba yake si chanzo, na aliyesema hivyo kaota mara moja tu, sasa anaulizauliza.

Ujumbe wa pili ukaingia: "Nikihitaji kumnukuu, utaratibu ukoje?"

Sekela alifungua kompyuta kwanza, akaurudisha ukurasa mahali pake, akauchapa nakala tano. Ndipo akajibu.

"Shikamoo Dokta. Andika hivi: Ambilikile Mwaijande, mazungumzo ya ana kwa ana."