Paneli ya Malimbuko

Mzee Elinami wa Nkoaranga, mlimani Meru, alikuwa na jibu moja kwa kila kitu: soko huria. Mahindi yakikauka shambani, ni mbegu za soko huria, feki tupu. Maji ya mfereji yakipungua, ni watu wa huko juu, ambao tangu soko huria lije hawana adabu. Ukithubutu kumwambia kwamba mvua zenyewe zimebadilika, anakutazama kama mtu aliyeingia kanisani na kofia kichwani.

"Mvua ni ile ile aliyoijua baba yangu," husema. "Mliobadilika ni ninyi."

Anneth, binti yake wa mwisho, alikuwa ameacha kubishana naye, ila shida yake ilikuwa palepale. Alikuwa fundi wa sola katika duka la Twahir kule mjini, Daraja Mbili, na Twahir alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwezi apate wateja huku mlimani, la sivyo nafasi yake ingekwenda kwa mwingine. Kila nyumba aliyopiga hodi alikaribishwa maziwa mgando, akasikilizwa vizuri, kisha akaulizwa swali lile lile: "Na kwa baba yako umeshafunga?"

Hakuwa amefunga. Baba yake alisema mawingu ya Meru yangelizima hilo dude kabla ya saa sita mchana.

Basi Anneth akafanya jambo ambalo mpaka leo mama yake, Tabitha, hulisimulia huku akijifuta machozi ya kicheko. Sikukuu ya Mavuno ilipofika, wenzake walibeba mikungu ya ndizi na vikapu vya maharage. Yeye aliingia kanisani na paneli, betri na balbu moja, malimbuko ya mwaka wake wa kwanza kazini.

Alijua alichokuwa anafanya. Baada ya ibada vitu vya sadaka hunadiwa uwanjani, na pale hakuna aliyemfikia Mzee Elinami kwa uchokozi. Humpandishia jirani yake Sakaya bei ya jogoo mpaka inafika ya mbuzi, halafu ananyamaza ghafla, na Sakaya wa watu anaondoka na jogoo wake huku uwanja unashangilia. Kanisa linapata, na mzee anapata cha kucheka wiki nzima.

Solomoni, mzee wa kanisa aliyekuwa dalali siku hiyo, akaiinua paneli. Sakaya akataja bei. Mzee Elinami hakuweza kujizuia, akapandisha. Sakaya akapandisha, mzee naye akapandisha tena, macho yakimcheka. Anneth aliushika mkono wa mama yake kwa nguvu. Baba akinyamaza sasa, alijua, mwezi umekwisha na kazi imekwisha.

Sakaya akakunja mikono, akautazama mlima.

"Mwachieni mwenzangu," alisema kwa upole. "Anaihitaji."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee hakukubali kushindwa, maana desturi inaruhusu aliyenunua kukirudisha kitu kinadiwe upya. "Naitoa tena kwa Bwana," akatangaza. Solomoni akaanza kunadi. Kimya. Watu wale wale ambao huwa hawanyamazi hata wakati wa sala, siku hiyo walinyamaza wote. Mmoja alipiga chafya, akaziba mdomo haraka asije akahesabiwa.

Mzee Elinami aliibeba paneli kichwani njia yote hadi nyumbani. Anneth alimfuata na betri, akijing'ata midomo.

"Utaifunga ghalani," baba yake aliamuru. "Sebuleni kwangu sitaki kuiona."

Ghala halikuwa na dirisha hata moja. Anneth akapanda paani, mzee akashika ngazi huku akiguna. Siku tatu mawingu yakakaa juu ya Meru, na siku tatu mzee akapita chini ya paa lile kwa raha zake. Siku ya nne, mchana, betri ilipojaa, Anneth akamwita ndani, akavuta mlango, akabonyeza swichi.

Ghala zima likawaka. Na nyuma ya mlango zikaonekana tarehe, moja chini ya nyingine, zimeandikwa kwa mkaa. Kila mwaka tangu afiwe na baba yake, Mzee Elinami aliandika hapo siku ambayo mvua za masika zilianza, kwa mwanga wa koroboi unaotosha mstari mmoja tu. Hakuwahi kuziona zote pamoja. Juu kabisa ilikuwa Machi nane, Machi kumi, Machi tisa. Katikati, Machi ishirini na moja. Chini, Aprili kumi na mbili, Aprili kumi na saba. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, na soko huria halijawahi kuingia ghala lile.

Mzee alizifuata kwa kidole mpaka chini, halafu akarudi juu, akaanza tena. Anneth alimwonea huruma, akatamani kuizima taa.

"Miaka minane napanda Machi kumi," baba yake alisema hatimaye. "Napanda mahindi kwenye vumbi, halafu namtukana muuza mbegu." Tumbo likaanza kumtikisika, kisha mabega, na kicheko kikamtoka mpaka kuku wakatoka mbio uani. Anneth naye akacheka, kwa furaha aliyokuwa hajaipata mwezi mzima.

Kabla ya jioni majirani saba walikuwa wamebanana ghalani, mzee akiwasomea tarehe moja moja na kuwaonyesha swichi. Wanne waliomba wafungiwe. Sakaya alikuwa wa kwanza, ila hakuweza kuondoka bila uchokozi.

"Anneth," aliuliza, akimkonyeza, "na kwa baba yako umeshafunga?"

"Ameshafunga," Mzee Elinami akajibu kabla binti hajafungua mdomo. "Ngazi nilimshikia mimi."