Pilipili ya Cédrick

Jumatatu ya tatu tangu nianze kumpikia mgonjwa, sufuria ilirudi na ujumbe. "Mama, mgonjwa anaomba upunguze pilipili," alisema binti yangu Nabintu, akatoka kwenda kuchota maji.

Nilibaki nimesimama na mwiko mkononi, moyo ukirukaruka kama dagaa wa sambaza wavuni. Mgonjwa mwenyewe, nilivyoambiwa, ni shemeji yake Cédrick: ameirudia pombe ya kanyanga, karudishwa kwenye kituo cha kutibu walevi kule Keshero, na Nabintu ndiye anayempelekea chakula. Lakini Cédrick nilimwona mwaka jana, siku alipotoka kituoni mara ya kwanza. Ukoo mzima ulishuka kutoka Rutshuru, kuku wakachinjwa, parokiani akapigiwa makofi mpaka viganja vikawaka. Naye akatafuna pilipili nzimanzima, kama mtoto na muwa.

Anayelizwa na pilipili tangu alipoota meno ni mmoja tu humu nyumbani.

Mimi si msomi. Darasa la tatu liliniishia njiani. Lakini jiko nalisoma. Nikaikumbuka chupa ya chai ya Nabintu isiyotoa mvuke, na majirani wa hapa Ndosho walioniuliza, nami nikawajibu, "Ana malaria." Malaria ya miaka miwili! Mwanamume akilewa, hutafutiwa dawa. Mwanamke akilewa, hutafutiwa jina. Nami niliyemzaa nilikuwa nimemshonea pazia la kumficha, nikidhani ni shuka la kumfunika. Na sasa alikuwa amejipeleka mwenyewe kutafuta dawa!

Aliporudi na maji alinikuta nacheza peke yangu kati ya masufuria.

"Mama, una nini?"

"Cédrick anaendeleaje?"

"Anapata nafuu."

"Bado anakunywa?"

Akatazama sakafu. "Siku kumi na tisa hajagusa."

"Kumi na tisa!" Nikapiga kigelegele, akaniziba mdomo kwa kiganja chenye maji.

"Mama, polepole! Watu watasikia." Akaketi juu ya dumu. "Muuguzi Jeanine anataka nilale kule kituoni majuma matatu, la sivyo nitarudi nilikotoka. Mume wangu Bashige anakubali, ila anataka iwe kimyakimya. Mama yake akijua, atachukua watoto. Alishasema: mama mulevi si mama."

"Watoto watabaki na mimi. Akija, atanikuta mlangoni na huu mwiko."

Akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Utamwambia niko wapi?"

Neno malaria lilikuja lenyewe ulimini, kama mbwa aliyezoea kuitwa. Nikalimeza.

"Umeenda kwa dawa."

"Dawa ya nini, mama?"

"Ya pombe, mwanangu. Ya pombe."

Kesho yake tulipanda pikipiki moja, sufuria mapajani mwangu bado moto. Langoni pa kituo benchi lilijaa wanaume, kila mmoja na mke kando yake amemshikia mfuko. Mlinzi akafungua daftari, ambamo siku zote binti yangu aliandikisha jina la shemeji yake.

"Dada Nabintu! Chakula cha Cédrick?"

Vichwa vikageuka. Kimoja nilikifahamu: muuza makaa wa mtaani kwetu. Vidole vya binti yangu vikaubana mkono wangu.

"Hapana, papa," alisema. Sauti ilitetemeka, lakini haikurudi nyuma. "Leo andika Nabintu. Mgonjwa ni mimi."

Kalamu ya mlinzi ikasita.

"Na hakina pilipili," nikaongeza, kisha nikaiweka sufuria chini, ili mikono yangu yote miwili ipate nafasi ya kumpigia makofi.