Vipande Vinane vya Wakesho

Kiburi kina kitanda chake, nacho hakina godoro. Juu ya kitanda hicho ndipo alipojitupa Mwadime jioni ile ya Jumamosi, jua likiwa bado linachungulia juu ya vilima vya Taita, vumbi jekundu la nyika limemganda hadi kwenye kope, na mwiba wa mgunga umezama katika kisigino chake kama neno baya moyoni. Hakunawa, hakula, alimpita tu mama yake aliyemuuliza mlangoni, "Na wewe, ulikuwa unapigana na nani?" Alijifunika shuka usoni, akauma meno, akaanza kuipitia upya aibu ya siku nzima.

Pale Wundanyi palikuwa na kikundi cha vijana waliocheza mchezo wa kusaka makopo. Mtu huficha kopo mahali, akatangaza mtandaoni tarakimu za mahali hapo, latitudo na longitudo. Wengine huzifuata kwa simu zao, wakalifungua kopo, wakaandika majina yao kwenye karatasi iliyomo, wakalirudisha. Yapo makopo rahisi, na yapo yaliyofungwa kwa fumbo, ambayo tarakimu zake hazipatikani mpaka fumbo lifumbuliwe. Mwadime alikuwa mgeni wa mchezo, hajafungua hata kopo moja. Aliyemleta kikundini ni Wakesho, fundi simu, mwenzake tangu shuleni, msichana asiyebembeleza mtu. Ndiye pia aliyeficha kopo jipya na kuandika hivi: "Digrii nawapa bure, tatu kusini, thelathini na nane mashariki. Tarakimu zinazofuata nukta zimo katika mizani ya ubeti huu. Kila kipande kina tarakimu yake. Vinne vya kwanza ni vya latitudo, vinne vya mwisho ni vya longitudo."

Karibu, piga hodi kwetu bondeni,
Hapa pana jawabu, limelala majanini,
Kwa babu, kando ya mtoni,
Soma taratibu, usiongeze neno ndani.

Sasa, Mwadime alikuwa mshairi. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza tungo kwa kusikiliza redio na kuhesabu silabi kwa vidole, na alichojifunza kwa jasho lake alikilinda kama simba jike alindavyo wanawe. Alijua kwamba mshororo wa shairi hugawanyika vipande viwili, na kila kipande huwa na mizani minane. Alipoviona vipande vya Wakesho, hiki kirefu, hiki kifupi, vikichechemea kama watu waliotoka vitani, damu ilimpanda kichwani. Akaandika mbele ya kikundi kizima: "Dada, hili si shairi, ni mbuzi wa miguu mitatu. Niachie nilitibu." Papo hapo akalitibu. "Karibu" ikawa "Karibu ewe muhibu." "Kwa babu" ikawa "Kwa babu yangu, kwa babu." Alipotaka kuongeza aliongeza, alipotaka kukata alikata, mpaka vipande vyote vikasimama nane nane kama askari wa gwaride. Kisha, kwa kuwa moto ukishawaka hautafuti ruhusa, akala kiapo: "Nisipolifungua kopo hili kabla ya mkutano wa Jumapili adhuhuri, naivunja kalamu yangu mbele yenu, na sitatunga tena maishani."

Wakesho alijibu maneno manne tu. "Haya, malenga. Safari njema."

Mwadime akahesabu mizani ya ubeti wake mwenyewe. Nane, nane, nane, nane. Na upande wa pili nane, nane, nane, nane. Akaingiza tarakimu kwenye simu. Simu ikamtoa vilimani, ikamteremsha Voi, ikamtupa mbali kwenye nyika ya Taru, mahali ambapo hata kivuli huomba kivuli. Alipofika penyewe hapakuwa na bonde, hapakuwa na babu. Palikuwa na mchungaji mmoja aliyeegemea fimbo, na Mwadime alipomuuliza mto uko wapi, mchungaji alicheka mpaka akakaa chini. "Mto? Kijana, hapa hata mate tunayabania!"

Kicheko hicho ndicho kilichomfuata mpaka chini ya shuka, na ndicho kilichomsindikiza usingizini.

Akaota amesimama kwenye barabara nyeupe iliyonyooka kama uzi, na kando yake mtu mwembamba mwenye shingo ndefu, aliyemtazama kwa chini ya kope. "Karibu nyumbani, ndugu malenga," alisema mtu yule. "Mimi ni Dharau. Tumetembea pamoja miaka mingi, ila wewe hukuwa ukigeuka kuniona." Wakafuatana. Nchi waliyoipita ilikuwa ya ajabu, na mwanzoni Mwadime aliipenda. Miti yote ilikuwa na kimo kimoja. Iliyorefuka ilikuwa imekatwa vilele na utomvu ukichuruzika, na iliyofupika ilikuwa imefungwa magogo ya mti mwingine kwa kamba. Vilima vilikuwa vimenyolewa vikalingana. Ndege walilia mara nane, wakanyamaza, wakalia tena mara nane, na mmoja aliyezidisha mlio alianguka chini kama jiwe. Watu walikaa milangoni wakiwa na kimo kimoja, wanene kwa wembamba, na hakuna aliyesalimia.

"Ama nchi imepimwa hii!" alisema Mwadime. "Kwa nini hawacheki?"

"Kicheko hakina mizani," alijibu Dharau. "Tulikikata."

Wakafika kwenye baraza la mfalme, na mfalme ni Majivuno. Alikuwa amevimba hata pete zimezama vidoleni, na kiti chake cha enzi kilikuwa kimejengwa kwa kalamu zilizovunjwa, maelfu kwa maelfu, wino wake ukitiririka sakafuni kama damu ya machinjioni. Dharau akamsukuma Mwadime mbele. "Mfalme, huyu ndiye aliyekitibu kile kibuzi cha miguu mitatu."

"Tunamjua," alisema Majivuno, na sauti yake ilifanana mno na ya Mwadime mwenyewe, kiasi kwamba kijana alijishika koo. "Vizuri. Jina lako nani, malenga?"

"Mwadime."

Mfalme akakunjua vidole vyake vinene. "Mwa. Di. Me." Akatazama vidole vilivyobaki kwa huzuni ya mchinjaji. "Tatu tu. Umepungukiwa na tano. Mnyosheni."

Wakatokea watu wenye kamba na misumeno. Mwadime akaruka nyuma. "Mnyoshe nini? Hilo ni jina la babu yangu! Limekamilika hivyo lilivyo!"

"Kila aliyeletwa hapa alisema hivyo hivyo," alisema Majivuno. "Hata yule msichana wako. 'Limekamilika,' ubeti wake ulisema. Wewe ulimsikia?" Halafu akanyosha mkono. "Na hiyo kalamu iliyo mfukoni ilete. Uliiahidi."

Mwadime akakumbatia mfuko wake kwa mikono miwili, akageuka, akakimbia. Kisigino kilimchoma, mwiba ulikuwemo hata ndotoni, na nyuma yake alisikia Dharau akiwaelekeza wenye misumeno: "Mfuateni pole pole tu, hana pa kwenda. Mbele kuna mto."

Kweli kulikuwa na mto, mpana na mweusi, unaonguruma. Ng'ambo yake kulikuwa na umati wa watu wa kila kimo, warefu na wafupi, na vibiongo, na watoto mgongoni. Walipomwona hawakumpungia mikono. Walimtukana. "Ndiye huyo! Mvunja kivuko! Tazameni, amekuja kutusahihisha tena!" Mtoni mlikuwa na mawe manane, yamepangwa kwa umbali ulio sawasawa kabisa, na hakuna hata moja lililokuwa juu ya maji, yote yalikuwa yamedidimia kwenye vina visivyoyafaa.

Ukingoni alisimama mwanamke mwenye mabega mapana, kanga ameifunga kiunoni, matope mpaka magotini. Hakutabasamu. "Umechelewa," alisema. "Mimi ni Subira, na usinitazame hivyo kama mtoto anayetafuta titi. Subira ninayo, lakini siigawi ovyo."

"Mama, nivushe! Wananifuata!"

"Nani aliyeyahamisha mawe haya?"

Mwadime alitazama mto, kisha akatazama miguu yake. "Mimi. Yalikuwa hayalingani."

"Hayakulingana kwa sababu mto haulingani. Mahali pa kina jiwe lilikaa karibu, mahali pa kina kifupi lilikaa mbali, na watu wakapita na mizigo yao vichwani. Sikiliza, kijana, maana sitarudia. Kipimo ni cha kupimia, si cha kukatia. Ukimpima mtu ukamkuta mfupi, umeujua ufupi wake, na huo ni ujuzi. Ukimvuta mpaka alingane na kamba yako, basi hujui tena chochote. Unayemwona mwishoni mwa kamba ni wewe mwenyewe. Haya. Taja vipande vya mwenzako kama alivyoviandika, na kila jiwe litarudi mahali pake."

Mwadime akapanua kifua, akatamka kwa sauti ya jukwaani, "Karibu ewe muhibu!" Jiwe la kwanza likazama zaidi, na maji yakamfika magotini. Umati ukazomea. "Hicho ni cha nani?" aliuliza Subira. Akajaribu tena, na tena ulimi wake ukamletea maneno yake mwenyewe, matamu, yaliyolingana, yasiyofaa kitu. Ndipo hofu ilipomkamata. Ubeti wa Wakesho aliusoma mara moja tu, tena kwa haraka, macho yake yakitafuta makosa. Hakuusoma kama mtu anayeambiwa jambo. Nyuma yake misumeno ilikuwa imeanza kuimba. Sauti ya Majivuno ikamnong'oneza sikioni, "Sema chako, ni kizuri zaidi," na kwa mara ya kwanza maishani Mwadime alijibu, "Nyamaza, namsikiliza mtu."

Akafumba macho. Akamwona Wakesho dukani, miwani puani, akiifungua simu ya mtu kwa bisibisi ndogo, akisema neno moja akanyamaza. "Karibu," alisema Mwadime, neno tupu, bila pambo. Jiwe likaibuka. "Piga hodi kwetu bondeni." La pili likaibuka mbali, mahali ambapo asingeliweka yeye. "Hapa pana jawabu. Limelala majanini." Akakanyaga, akachechemea, maji yakimlamba vifundo. "Kwa babu." Hili lilikuwa karibu sana, na mguu ulitamani kuliruka, akajizuia. "Kando ya mtoni. Soma taratibu." Likabaki jiwe moja, na kipande kimoja, na kamba ya kwanza ya mfalme ilikuwa imeshamgusa bega. Akalitafuta neno, akalikuta limekaa pale pale lilipokuwa siku zote, likimtazama. Uso ukamwaka moto. "Usiongeze neno ndani," alisema, na jiwe likaja juu likimwaga maji.

Akavuka. Alidhani watampokea. Bibi mmoja wa umati, mzigo kichwani, alimpisha kwa kiwiko akaanza kushuka kwenye mawe. "Unangoja nini?" alimwambia. "Umerudisha ulichoharibu wewe mwenyewe. Unataka tukupigie vigelegele?" Mwadime akageuka kumtafuta Subira amshukuru, na Subira, aliyekuwa nyuma yake tayari, akamsukuma mgongoni kwa mikono yote miwili.

Akazinduka sakafuni, shuka limemzonga miguuni, jogoo wa jirani akiwika bila kuhesabu chochote. Alikaa pale pale, akauchomoa mwiba kwa ncha za kucha zake, kisha akaichukua simu akausoma ubeti wa Wakesho polepole, kwa midomo, kama mtu asomaye jina la mwenyeji kabla ya kubisha. Tatu, tisa, saba, nane. Tatu, sita, sita, tisa. Hakukuwa na kipande kilichochechemea. Kila kimoja kilikuwa kimesimama hasa pale alipotaka msichana yule kisimame, na hicho kimoja cha nane, ambacho yeye alikuwa amekiacha kwa kuwa kilimpendeza, kilikuwa nane kwa sababu mahali penyewe ni nane. Akaingiza tarakimu. Alama haikwenda Taru. Ilitua bondeni, chini ya Wundanyi, kwenye shamba la babu yake Wakesho, umbali ambao mtu akiita husikika.

Wakesho alikuwepo, anakata majani ya ng'ombe kando ya kijito. Alimwona akishuka kwa kuchechemea, akaendelea kukata. "Aa, malenga! Mimi nilidhani bado uko Taru unasalimiana na twiga."

"Nimelihesabu upya," alisema Mwadime.

"La nani?"

"Lako. Kama ulivyoliandika."

Wakesho akaacha kukata. Alimtazama, mundu mkononi, na uso wake haukulainika. "Na ule mbuzi wa miguu mitatu?"

"Anatembea vizuri kuliko mimi. Nisamehe, Wakesho. Nitayasema haya kikundini pia, pale pale nilipokutukana."

"Utayasema, tena bila vina." Akaonyesha majani kwa ncha ya mundu. "Kalamu yako umeiokoa, kopo hilo hapo. Urafiki bado. Huo hauna tarakimu."

Mwadime akapiga magoti, akapapasa kwenye majani yenye umande, akalipata: kopo la kakao, limefungwa kwa mpira. Ndani yake karatasi ilikuwa nyeupe, hakuna aliyemtangulia. Tungo zilimjaa mdomoni, za kujisifu na za kujuta, zote nane nane, zimejipanga zikingoja amri. Mwadime akaitoa kalamu mfukoni, akaandika jina lake, mizani mitatu, akafunga kopo.